Maziwa na Matusi

Kazi yangu ni kupima watoto wachanga na kuwauliza mama zao wamekula nini. Ukiiandika kwa lugha ya kuombea ufadhili inakuwa jambo kubwa, lishe ya mtoto mchanga na afya ya mzazi, lakini ukinikuta kazini utaniona nimechuchumaa kwenye sakafu ya mtu, nimeshika mizani, nabembeleza mtoto asiikojolee. Huikojolea. Kwa miaka yote niliyozunguka Migori na Homa Bay sijapata nguo ya kazi ambayo haijatiwa muhuri huo, na siku nikirudi nyumbani mkavu huwa najiuliza kama kweli nilikwenda kazini.

Mimi ni mtu wa Pwani. Nilikuja huku kwa mkataba mfupi, nia yangu ikiwa kuumaliza na kuondoka, lakini mkataba ukazaa mkataba na mimi nikazoea. Siku hizi napika omena, dagaa wa ziwani, bila kumuuliza mtu, na nikienda kwetu likizo nakaa mbele ya wali wa nazi nikitamani ugali. Huku mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kwao alikotoka. Aliyetoka Awendo ni nyar Awendo, binti wa Awendo, na ataitwa hivyo mpaka awe na wajukuu. Mimi sikuolewa na mtu wa huku, lakini waliniita nyar Mombasa tangu wiki ya kwanza. Nimewaeleza mara nyingi kwamba kwetu si Mombasa, ni mbali kabisa na Mombasa. Hunisikiliza kwa adabu, kisha huniita nyar Mombasa.

Naipenda kazi hii, na sioni haya kusema. Napenda swali letu la kwanza, jana ulikula nini, kwa sababu hakuna mtu anayelijibu kwa ufupi. Ntimaru, kwa Wakuria, mama mmoja aliniwekea bakuli la uji wa wimbi kabla sijajitambulisha, akakataa kujibu lolote mpaka aone kitako cha bakuli. Awendo nimewahi kumhoji mama kando ya barabara ya malori ya miwa. Kila lori likipita tulinyamaza, tukafunika mtoto, tukangoja vumbi litue, kisha tukaendelea na mboga za jana. Na Kisegi, kwenye fuo za Suba, ndiko nilikofundishwa kutukana. Hayo ndiyo ninayotaka kuyasimulia.

Mwenzangu katika safari za Kisegi ni mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo kama mimi, mwenye sauti ya kuita boti iliyo katikati ya ziwa ikageuka. Tumetaniana tangu tulipojuana. Yeye hucheka ninavyokula samaki kwa kuogopa miiba ilhali nimezaliwa baharini. Mimi hucheka Kiswahili chake, viti "hii" na watoto "hizo". Basi tukitaniana hivyo kila siku, mtu utajuaje lini mwenzako anasema kweli?

Siku ile tulikuwa tunakwenda nyumbani kwa nyar Awendo mmoja, mke wa mvuvi. Habari zake nilikuwa nimezipata kwa muuguzi wa zahanati. Binti huyo alikuwa amejifungua pacha kabla ya wakati, wasichana wawili. Mkubwa alikuwa mdogo, na mdogo alikuwa wa kushika pumzi ukimtazama. Walikaa hospitalini mpaka wote wawili wakaweza kumeza vizuri na kushika joto, ndipo wakaruhusiwa kwenda nyumbani kwa masharti: wabebwe kifuani ngozi kwa ngozi, wapewe maziwa ya mama na si kitu kingine, wapimwe mara kwa mara. Mkubwa akaongezeka. Mdogo alianza vizuri, akasimama, kisha akapungua. Yeye bado alikuwa hana nguvu ya kunyonya, kwa hiyo mama alikuwa akimkamulia maziwa kwenye kikombe, na maziwa yenyewe yalikuwa yakipungua siku hadi siku.

Muuguzi alisema wazi, na mimi nilikubaliana naye. Mtoto angepimwa tena Alhamisi, na akikutwa amepungua angerudishwa hospitali ya Homa Bay siku ileile. Mama angelazimika kwenda naye na kumwacha mkubwa nyumbani bila titi. Sisi tulikuwa Jumatatu.

"Daktari," mwenzangu aliniambia tulipokuwa tukishuka kwenye pikipiki, "hapo kwa hiyo boma, ukiingia lazima utukane kwanza."

"Nitaanza na wewe," nikamjibu, nikacheka, nikabeba mizani yangu.

Uwanja mzima ulikuwa umetandazwa nyavu, na juu yake omena wameanikwa. Tukapita pembeni. Nikasimama mlangoni kama nilivyolelewa, nikapiga hodi, nikavua viatu. Ndani alikuwapo mama mkwe, bibi mrefu, mjane, amemfunga yule mtoto mdogo kifuani chini ya blauzi. Nikamwamkia shikamoo kwa magoti nusu. Nyar Awendo alikuwa ameketi mkekani, mkubwa yuko kwenye titi. Nikainama, nikamwambia kwa sauti laini niliyoitunza kwa ajili ya wazazi, "Hongera, mwanangu. Mungu akukuzie. Watoto wazuri, mashallah, wazuri kweli kweli."

Mama mkwe alimfunika mtoto kwa viganja vyote viwili, kama vile nimetupa jiwe. Nyar Awendo akamvuta mkubwa karibu zaidi. Nyuma yangu mwenzangu alikuwa ameuma pindo la leso yake, na mabega yanamtikisika.

"Nani ametuma huyu mama na maneno tamu hivyo?" mama mkwe akauliza. "Anataka nini na watoto yangu?"

"Nilimwambia," mwenzangu akasema. "Aki, nilimwambia akakataa."

Basi ndipo nikaelezwa, nimesimama pale peku. Pacha, ambao kwa Kijaluo huitwa rude, si watoto wa kupokewa kwa sifa. Wamekuja na uzito wao. Anayeingia na sifa anauongeza, na anayeingia na matusi anaupunguza. Mgeni humtukana mama wa pacha, mama naye humrudishia, na hapo watoto wako salama. Si kila nyumba inashika hivyo siku hizi, na kuna wanaosema ni mambo ya kale. Lakini boma lile lilikuwa linashika. Nikamtazama mama mkwe. Ukutani nyuma yake palikuwa na kalenda ya kanisa lake, maana ni Msabato wa kweli kweli, wa kupika chakula Ijumaa ili Jumamosi asiwashe moto.

"Na kanisa linasemaje, mama?" nikamuuliza.

"Sabato hatutukani," akanijibu. "Lakini leo ni Jumatatu. Rudi nje, uingie vizuri."

Mimi sipendi kufukuzwa. Nina hasira za karibu, kila aliyefanya kazi na mimi atakuambia. Nilitoka nikasimama juani kando ya omena, mwanamke mzima mwenye shahada zangu, viatu mkononi, nikasema moyoni kwamba watu hawa hawajui wanamchokoza nani. Kwetu wanawake wakifunga mlango siku ya harusi na ngoma ikapamba moto, husemwa maneno ambayo mwanamume akiyasikia atasahau njia ya kwake. Nikapiga hodi tena. Nikaingia. Nikamnyoshea kidole nyar Awendo, nikampa tusi la kwetu, lenye mizani yake na vina vyake.

"Ewe usiye soni wala haya! Wenzio hupewa kimoja wakashukuru, wewe tamaa ikakupofua, ukachukua chako, ukachukua na cha jirani!"

"Amina," akasema mama mkwe.

Mwenzangu alikaa chini kabisa, kwenye ardhi, akacheka mpaka akashika mbavu. "Daktari, hiyo ni sala! Hiyo ni ya kufungua mkutano! Tukana yenye inauma."

Nikatoka tena. Safari hii waanika omena walikuwa wameacha kazi yao na kusogea mlangoni, wanawake watatu wanne, wakitaka kuona nyar Mombasa akishindwa. Hasira zangu sasa zilikuwa za kweli. Lakini nilipoingia mara ya tatu sikumtazama mama mkwe wala umati. Nilikitazama kikombe. Kilikuwa kwenye kigoda kando ya nyar Awendo, na yale maziwa aliyokuwa amekamua tangu asubuhi hayakufunika hata kitako chake. Na yeye mwenyewe muda wote huo, kwa vicheko vyote vile, alikuwa hajainua macho. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kuitwa akaambiwe matokeo. Nilijua sasa kilichonileta ni nini, na tusi likaja lenyewe, kutoka kazini kwangu.

"Na wewe! Matiti makubwa hayo ni ya nini? Ni ofisi ya serikali hiyo! Mlango wazi, foleni ndefu, na kila siku tunaambiwa rudi kesho!"

Niliogopa. Nilidhani nimemgonga mtoto wa watu kwenye kidonda. Kisha nyar Awendo akainua uso. Akanitazama kuanzia ushungi mpaka miguu peku, akarudi mpaka kifuani kwangu, akakaa hapo.

"Na yako je?" akasema. "Yako ilistaafu kitambo, hata pensheni haikupewa."

Sijawahi kufurahia tusi namna ile. Nyumba ilipasuka. Wanawake mlangoni walipiga vigelegele, mwenzangu alikuwa anagonga sakafu kwa kiganja, na mama mkwe alimshika yule mtoto kifuani asitikisike maana yeye mwenyewe alikuwa anatikisika. Na nyar Awendo akacheka. Alianza kwa pua, akajaribu kuzuia, akashindwa, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Mtoto mkubwa akaliachia titi, akakohoa, uso wote umelowa maziwa. Mbele ya gauni, upande ule mwingine, duara la unyevu likatokea, likapanuka.

"Kikombe!" nikapiga kelele. "Acheni kucheka, leteni kikombe! Hapana, chekeni! Endeleeni kutukana, lakini leteni kikombe!"

Jambo lenyewe si muujiza, na nimelifundisha mara nyingi kwa michoro. Maziwa yanaweza kuwa yametengenezwa na yamekaa, lakini mwili wenye hofu hauyaachii. Mama akitulia, akicheka, akimwona au kumnusa mtoto wake, hushuka. Akihangaika hufunga. Tatizo ni kwamba dawa tuliyozoea kuitoa ni kumwambia mama asiwe na wasiwasi, na sijapata kumwona binadamu aliyeacha wasiwasi kwa kuambiwa auache. Siku ile wanawake wa omena walipokezana mlangoni, mmoja baada ya mwingine. "Wenzako wanapakua mara moja, wewe unapakua mara mbili kama uko matanga!" Naye akijibu kila mmoja wao, mkono wake ukikamua. Kikombe kilipojaa niliketi nikakitazama tu, nimefurahi kama mtoto.

Kisha akafanya jambo lililonikata furaha. Alikichukua kikombe kile, akamwelekezea mama mkwe bila kugeuza uso, na mama mkwe akaanza kumnywesha yule mdogo pale kifuani kwake, tone kwa tone. Nyar Awendo alikuwa amekwisha kumgeukia mkubwa.

"Na huyu mdogo humbebi wewe?" nikamuuliza.

"Huyo ni wa dani," akasema. Huyo ni wa bibi yake.

Nje, kando ya pikipiki, mwenzangu alinieleza, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anatania tena. Kabla ya pacha hawa nyar Awendo alikuwa amezaa mtoto mwingine, naye pia kabla ya wakati, mdogo kama huyu. Alimbeba kifuani wiki mbili, akamwita majina yote mazuri, na mtoto akafa. Huyu mdogo alipozaliwa, mama alimtazama mara moja akamkabidhi mkwewe. Maziwa atamkamulia, nguo zake atazifua, lakini hajapata kumshika wala kumsemesha. Alikuwa anaogopa kumpenda mtu ambaye huenda akaondoka. Niliumia. Nilikuwa nimekuja kutafuta maziwa, na maziwa nimeyapata, lakini mtoto yule alihitaji kifua ambacho mama yake alikuwa amekifunga, na kwa hilo sikuwa na mchoro wowote.

Bibi alikuwa anambeba vizuri, sina la kumlaumu. Tukaongeza na baba. Mvuvi huyo huvua usiku na mchana hulala, na tulipomwamsha kumweleza alisikiliza kwa makini, akavaa jezi yake ya mpira, na mkubwa akaingizwa ndani ya jezi, kichwa kikachungulia shingoni. Alipotoka nje wanawake wa omena hawakumsaza. "Dume lina mimba! Litazaa lini?" Yeye naye akawajibu maneno ambayo mwenzangu alikataa kunitafsiria.

Jumanne nilikuwa na kazi Awendo, lakini nilipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Kila nilipopiga niliambiwa kikombe kimejaa. Mwenzangu alikuwa amepanga zamu. Kila wakati wa kukamua ulipofika, jirani mmoja aliingia na tusi jipya, kwani yaliyotumika hayakuchekesha tena, na kijiji kizima kikawa kinashindana kutafuta jambo baya la kumwambia yule binti. Hata waimba kwaya walikuja, na naambiwa ndio waliokuwa wabaya kuliko wote.

Jumatano ilikuwa ngoma ya pacha. Hiyo ndiyo siku ambayo ukoo wa mama na ukoo wa baba hukutana kutukanana kwa nyimbo, na wazazi wa pacha hutolewa nje ya nyumba na watoto wao, ili tangu hapo waweze kutembea popote kama watu wengine. Nilikwenda nikiwa na masharti yangu, na niliyasema kwa ukali mlangoni: watoto wavae kofia, wasifunuliwe, wasipokezwe mkono kwa mkono, na ngoma iwe fupi. "Sawa, nyar Mombasa," wakasema, "uso yako peke yake inatosha kufukuza homa."

Watu wa Awendo walifika na miwa begani, wakaanza kabla hata ya kuweka mizigo chini. Waliimba kwamba watu wa Kisegi wananuka omena hadi mbu wamekataa kuwauma. Kisegi wakajibu kwamba meno ya Awendo yaliishia kwenye miwa, sasa leo watatafuna nini, ama wametiwa uji chupani? Mwenzangu alikuwa ananitafsiria sikioni. Mara kwa mara alisimama. "Hiyo hapana. Mimi niko kwa kamati ya kanisa." Lakini huku anaiimba kwa nguvu zote. Akina mama watu wazima, wenye heshima zao, walikuwa wanacheza wakinyosheana makalio, na mimi nikajikuta katikati yao, ushungi umeniteleza, natukana Awendo ambako Jumanne tu walikuwa wamenipa chai.

Kisha wazazi wakaitwa watoke.

Baba alitokea kwanza, mkubwa ndani ya jezi. Nikaona jambo. Mkubwa, hata baba akimpokea kidogo, siku zote alikuwa wa mama. Yule bibi ndiye aliyemfunga kwa baba, mapema, kabla mtu hajauliza. Nyar Awendo alisimama kizingitini, mikono mitupu, anatafuta mtoto wake wa kubeba. Na mama wa pacha hatoki mikono mitupu.

Mama mkwe alikuwa nyuma yake. Alifungua blauzi yake, akamtoa yule mdogo, na kofia yake, na soksi zake zilizomzidi miguu, akamnyoshea mama yake.

Ngoma haikusimama. Nadhani kama ingesimama, yule binti angerudi ndani. Watu waliendelea kumtukana, mpumbavu wewe, mlafi wewe, toka nje na mzigo wako, na yeye amesimama pale anawatazama watu wote isipokuwa mkono ule ulionyoshwa. Mimi niliacha kuimba. Nilitaka kwenda kumsaidia, na mwenzangu akanishika kiuno. "Wachana naye," akasema. Nyar Awendo akafungua vifungo vya gauni lake. Mkwewe akamsogeza mtoto, na mama akampokea bila kumtazama, akamwingiza, akafunga juu yake kitenge, mikono yote miwili ikabaki pale. Akashuka kizingiti. Alicheza hatua fupi fupi, shingo imenyooka, macho yako mbali ziwani. Lakini alimbeba. Nililia hadharani, na mwanamke mmoja wa Awendo akaniimbia wimbo mzima kuhusu pua yangu.

Hakumtoa tena. Ndivyo mama mkwe alivyoniambia Alhamisi asubuhi, kwa kunong'ona, mlangoni. Aliketi naye jioni nzima, akalala naye ameegemea mito, akamnywesha mwenyewe kwa kikombe, na alfajiri mtoto akatafuta titi mwenyewe, akanyonya kidogo, akachoka, akalala. Yote hayo kimya. Hajamsemesha bado, bibi akasema. "Sijui kama anaomba au anangoja," akaongeza.

Niliingia na tusi fupi la heshima, nikajibiwa. Nikaweka mizani juu ya meza, nikaisawazisha, nikaijaribu kwa jiwe langu la kupimia, nikaijaribu tena. Mwenzangu alikuwa hatanii. Baba alikuwa ametoka ziwani hajalala, amesimama karibu na dirisha na mkubwa kwenye jezi. Pikipiki ilikuwa imewekwa tayari nje na mfuko wa nguo za hospitali umefungwa, maana mimi ndiye niliyeagiza ufungwe.

Nyar Awendo alimvua mtoto mwenyewe. Akamlaza kwenye mizani. Mtoto akashtukia baridi, akakunja ngumi, akalia, na kilio chake kilikuwa kikali kuliko nilivyotarajia. Tarakimu zikapanda, zikashuka, zikacheza, nami nikashika meza, kisha zikatulia.

Nikasoma. Nikamwomba mwenzangu asome. Alikuwa ameongezeka. Halikuwa ongezeko kubwa, ungelishika kwenye kiganja usijue umeshika kitu, lakini alikuwa hajapungua, na alikuwa amepita pale alipokuwa wiki iliyopita.

"Ameongezeka," nikasema. "Haendi popote."

Baba alikaa chini hapohapo alipokuwa. Mama mkwe alisema ero kamano, asante, hakusema anamwambia nani. Mimi nilingoja vigelegele, lakini hakuna aliyepiga, kwa sababu sote tulikuwa tunamtazama nyar Awendo. Alikuwa ameinama juu ya mizani. Aliuleta uso wake karibu na ule uso mdogo uliofura kwa hasira, akautazama, paji, pua, kidevu, akautazama wote, na mtoto naye akanyamaza, akafumbua jicho moja.

"Wewe," akamwambia. "Kichwa kubwa, miguu kama ya kuku. Unalia nini? Maziwa yangu umemaliza, usingizi yangu umemaliza. Ngoja ukuwe. Utanichotea maji kwa ziwa mpaka mgongo ikuume. Utaosha sufuria zote. Na siku utaletea mimi bwana hapa mwenye hana boti, nitakuchapa."

Nikamwinua mtoto kwenye mizani nikampa, naye akamwingiza ndani ya gauni, akafunga vifungo, akaendelea kumtukana.